Tumbo la Fundi Saa

Kabla watu hawajaanza kuiuliza simu kila kitu, mtaa wetu ulimtegemea fundi saa. Bado yupo, ila wengi wanaopita mlangoni kwake hawajui ndani kunafanyika nini. Chumba chake ni chembamba kama korido, na ukuta mzima wa kushoto ni saa: za duara, za sanduku, zenye timazi zinazobembea. Nyingi alishazitengeneza, wenyewe hawakurudi. Wengine wamehama, wengine wamekufa. Kila asubuhi huzitia zote ufunguo.

"Unajisumbua nini?" niliwahi kumwuliza.

"Mwenyewe akija akakuta imesimama?"

"Marehemu atakuja?"

"Wewe kaa hapo unyamaze."

Mwaka jana daktari wa macho alimwambia sukari imeanza kumla macho. Asipoishusha, ataacha kuona vitu vidogo kwanza, kisha vikubwa. Kwa mtu anayeishi kwa kushika skrubu ndogo kama punje ya mchanga, hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa atazikwa hai. Akaambiwa aendelee na dawa yake ya sukari na apunguze wanga, yaani mkate, wali, viazi na vyote vya unga, tena apunguze kidogo kidogo. Yeye akasikia nusu. Alipofika nyumbani akamwamuru mkewe autoe mkate wote ugawiwe majirani.

"Sasa utakula nini?" mkewe akauliza.

"Mayai. Nyama. Siagi."

"Na mboga za majani?"

"Mimi si mbuzi."

Maji nayo hanywi akiwa kazini. Tone moja likidondokea mashine ni kutu, na kila unapoinuka kwenda uani kuna skrubu inapotea. Alifunzwa hivyo na mwalimu wake wa ufundi, enzi ambazo kijana alifagia karakana mpaka akaota sugu kabla ya kuruhusiwa kugusa bisibisi, na hakuna aliyeyaita mateso. Leo mtu akitazama video mbili ni fundi.

Wiki haikuisha, choo kikakataa. Tumbo likawa gumu kama ubao, mdomo ukanuka kama matunda yaliyochacha, misuli ya miguu ikamkaza. Lakini kilichomtisha ni ukimya. Ana fimbo nyembamba anayoitumia kusikiliza saa: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mashine, na mlio wa magurudumu unapanda. Mchana mmoja nilimkuta amejikunja, ncha ya chini ya fimbo ameiweka tumboni mwake.

"Limesimama," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mashine iliyokwama hutiwa mafuta, ndivyo alivyoamua. Akaanza kunywa mafuta ya kupikia, kikombe kila asubuhi, juu ya ile siagi. Tumbo likamjibu kwa kuharisha. Akawa anakimbilia uani hata mlango wa duka haufungi, na anarudi ameshika kuta. Na bado maji hagusi. Ndipo alipoanza kusema kuna saa humu ndani si yake.

"Hata moja si yako," nikamtania.

"Hii haijaletwa na mtu."

Siku chache baadaye nilipita saa za mchana, jua kali, barabara imejaa watu. Nilipokanyaga kizingiti nikasita bila kujua sababu. Kisha nikaijua: timazi zote zilikuwa zimening'inia wima. Alikuwa amezisimamisha saa zote, moja baada ya nyingine, ili abaki na ile anayoitafuta. Amesimama katikati ya chumba, uso rangi ya majivu, kidole juu.

"Sikiliza."

Nikasikiliza. Anayetaka kucheka na acheke, lakini nilisikia: mlio mwepesi, wa haraka, unaoruka pigo moja kisha unarudi kama uliokumbuka kitu. Niligeuka huku na huku. Kila nilipogeuka ulitoka pale pale aliposimama, na mkononi hajawahi kuvaa saa.

"Ya nani hiyo?" nikanong'ona.

"Nimewasimamisha wote," akasema. "Huyu hataki kusimama."

Akaanguka kitako sakafuni. Nilipaza sauti, mkewe akaja mbio kutoka nyuma ya duka.

"Shemeji, mshike kichwa! Amekunywa nini leo?"

"Mafuta," mgonjwa akajibu mwenyewe.

"Mafuta! Saa unaitia tone kwa ncha ya sindano, na mtu akizidisha unamtukana hadi babu yake. Tumbo lako unalitia kikombe?"

Akafumbua macho, akamtazama kama mteja aliyesema jambo la maana. "Kweli," akasema.

Tulimpeleka kwa daktari. Mwili ulikuwa umekauka maji na chumvi, moyo unakimbia na kuruka. Sukari ilikuwa imeshuka mno, kwa kuwa aliendelea kumeza dawa ile ile ya sukari huku wanga ameukata wote kwa mkupuo, na daktari hakuambiwa. Dawa ikapunguzwa. Akaagizwa arudishe mkate kidogo, aupunguze taratibu. Mboga za majani kila mlo, supu yenye chumvi, maji kutwa nzima, mafuta kwa kijiko, na atembee akishakula.

"Moyo wa mtu husikika na aliye mbali naye?" nikamwuliza daktari.

Alikuwa anaandika. "Hapana, mzee," akasema.

Kurudi nyumbani, fundi alitaka kuacha yote. "Bora nipofuke nikiwa napata choo."

"Ukipofuka," mkewe akasema, "nani atakuonyesha choo kilipo?"

Basi akafuata. Mtungi wa maji ukawekwa kizingitini, nje, maana ndani haukuruhusiwa. Majani aliyala amefumba macho. Tumbo likaanza kunguruma, siku nyingine kwa gesi ya aibu, kisha likatulia likashika kazi yake.

Miezi ilipopita nikamsindikiza kwa daktari wa macho. Akaketishwa mwisho wa chumba, akaambiwa asome herufi za ukutani.

"Kwanza ile saa yako juu ya mlango," akasema. "Mshale wa sekunde umepinda, unagusa wa dakika. Ndiyo maana imesimama."

Daktari akageuka, akaisogelea, akavaa miwani. "Sikujua kama imesimama," akasema, akicheka. "Mzee, macho yako hayajaharibika zaidi. Endelea hivyo hivyo."

"Nikutengenezee?"

"Ya nini? Hiyo ni pambo tu."

Fundi akageukia herufi, akazisoma zote, mpaka mstari wa chini kabisa.