Saa ya Ijumaa kwenye Ratiba ya Zege

Siku yangu ya kwanza saiti, kule Shangani, mnyapara mkuu alinitazama mikono akasema, "Wewe hutashika karai. Utashika watu." Ndivyo nilivyoanza kazi ya mpanga zamu: kuamua nani amwage zege, nani asuke nondo, nani apumzike. Nilipanga kwa mdomo, kila alfajiri baada ya swala, na Mola alinisaidia.

Zege halina subira. Likishaanza kumwagwa halikatishwi, maana lililokauka halishikani vyema na bichi. Kwa hiyo Ijumaa hatukumwaga. Tulisuka nondo, tukagonga mbao, na adhana ikilia tuliweka zana chini. Hakuna aliyetutungia sheria hiyo, tuliikuta.

Miaka yangu ya mwisho kazini, kampuni ikataka programu ya kompyuta ya kupanga zamu. Meneja Mradi, kijana mwema kutoka bara, alileta mbili tuzijaribu. Ya kwanza ilikuwa nyepesi, naye alikwisha kuipenda. Lakini haikukubali kuacha saa yoyote wazi. Anayetoka kwenda kuswali ilimwita mtoro, na mtoro ilimnyima zamu za wiki inayofuata.

"Mzee Hamisi, weka saini tu tuichukue. Watazoea," Meneja akaniambia.

"Watazoea nini, mwanangu? Kutoswali?"

"Mashine haijui dini."

"Basi isiwapangie waumini."

Bi Somoe, mchota maji wetu, akacheka. "Meneja, huyo hata Izraili mtoa roho atamsubiri amalize swala, atoe salamu."

Sikusaini. Ijumaa ya majaribio, programu ikapanga zege mchana. Nilimwambia Meneja mapema kwamba halitaanza. Kisha nikajiingiza mwenyewe kwenye zamu ile. "Ikihesabu watoro, ianze na mimi," nikasema adhana ilipolia, nikatoka. Sikugeuka nyuma, ila nilisikia viatu vya genge zima vikinifuata.

Tuliporudi, Meneja alikuwa amekaa juu ya mifuko ya saruji. Hakutufokea. "Haya, Mzee. Nionyeshe ile ya pili." Ilikuwa ngumu kujifunza, lakini ilikubali kufungiwa saa ya swala isipangiwe kazi. Ndiyo tuliyoichagua.

Sasa nimestaafu, napalilia mikorosho Ziwani. Vijana huniuliza kwa nini niliipinga kompyuta. Sikuipinga. Nilikataa mwajiri agawe saa isiyo yake, na leo ningekataa tena.

Ijumaa iliyopita nilipita kwenye saiti moja Magomeni. Mashine ya zege ilikuwa imezimwa. Nje ya msikiti vilijipanga viatu vya mpira, saruji ya jana ikiwa bado imevigandia. Nikavua vyangu, nikaviweka kando yao.