Mshale wa Kurudi

Mwaka wa kwanza wa lisansi, shahada yetu ya chuo kikuu, tulikuwa saba darasani, wanaume sita na mimi. Somo lililotutisha kuliko yote lilihusu mikabala ya kinadharia katika sayansi ya siasa. Profesa wetu alikuwa mwenyeji wa Bukavu aliyesoma ng'ambo miaka mingi, akarudi na sanduku la bati lililojaa vitabu na makala. Kila andiko lilikuwa nakala moja tu. Alitugawia kwa zamu, nasi tukalinakili kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kumpa mwenzetu. Mpaka leo naujua mwandiko wa kila mmoja wa wale sita kuliko ninavyozikumbuka sura zao.

Profesa alikuwa mtu mfupi. Abakosti yake, lile koti la taifa lisilovaliwa tai, ilifungwa vifungo mpaka shingoni hata jua likiwaka, na alifundisha akiwa ameshika mwavuli uliokunjwa, ambao ndio ulikuwa fimbo yake ya kuonyeshea ubaoni. Siku ya kwanza aliandika majina ya mikabala mitano. Mmoja ulitazama sheria na taasisi, wa pili tabia za watu, wa tatu matabaka, wa nne jinsi nchi maskini zinavyotegemea nchi tajiri. Wa tano uliiona siasa yote kama mfumo mmoja. Kisha akatugeukia.

"Msiniulize upi ni wa kweli," akasema. "Kila mmoja unaonyesha kitu na kuficha kingine. Kazi yenu ni kujua unaficha nini."

Tulitakiwa kila mtu achague mmoja na kuishi nao mpaka siku ya kutetea tasnifu, memwari kama tulivyoiita. Mimi nilichagua ule wa mfumo, na sitadanganya: niliupendea mchoro wake. Kulikuwa na sanduku katikati, nalo ni serikali. Kushoto mshale uliingia ukibeba madai ya wananchi. Kulia mshale ulitoka ukibeba maamuzi. Na chini kulikuwa na mshale mrefu uliopinda, uliochukua matokeo ya maamuzi ukayarudisha kwa watu, ili nao walete madai mapya. Huo ulikuwa mshale wa kurudi. Niliuchora pembeni mwa madaftari yangu yote.

Nyumbani kwetu Nyalukemba, baba alikuwa akiniuliza kila jioni tulichosoma. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali iliyoshughulika na vijiji vya barabara ya Kavumu. Aliacha shule kabla ya kumaliza sekondari kwa sababu babu alifariki na wadogo zake walihitaji kula. Wazazi wengi huuliza swali kama lile kwa heshima tu, lakini baba alivuta kiti akasubiri jibu.

Nikamchorea lile sanduku nyuma ya fomu ya zamani. Akavaa miwani.

"Hii sanduku, njo serikali?"

"Njo serikali, Papa."

"Basi miye niko mu ndani." Akaweka kidole katikati ya mchoro. "Hapa. Pembeni ya dirisha."

Mama, aliyekuwa akichagua maharagwe, alicheka mpaka ungo ukamponyoka. Baba mwenyewe hakucheka. Alikuwa akiufuata ule mshale mrefu wa chini kwa kidole.

"Na hii ya kurudi, nani anaileta?"

Nikamjibu kama nilivyosoma: hakuna mtu anayeuleta, unarudi wenyewe.

"Wenyewe," akasema, akavua miwani. "Hm."

Kwa tasnifu yangu nilitaka kufuata dai moja tu kutoka mikononi mwa watu mpaka ndani ya sanduku, kisha nilifuate likitoka. Mdogo wake mama alikuwa ameolewa Miti, kwenye barabara ileile ya Kavumu, na kutoka kwake nilijua kwamba wanawake wa huko walikuwa wameomba daraja. Kijito kilichopita kati ya nyumba zao na mashamba kilikuwa kimechukua daraja la zamani wakati wa mvua, nao wakamwomba katekista awaandikie barua kwa wakubwa. Niliona kazi yangu ni rahisi, kana kwamba imekwisha kabla haijaanza.

Nikaenda Miti na daftari jipya. Mama mdogo aliwaita wenzake uani, wakawa wanamenya mihogo huku nikiuliza. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini.

"Barua?" akasema. "Tuliandika tatu. Ya kwanza, tulingojea. Ya pili, tulingojea. Ya tatu, ilikuwa juu katekista anapendaka kuandika."

Wakacheka wote. Nikauliza jibu lilikuja lini.

"Jibu gani?"

Akanawa mikono, akaniongoza mpaka kijitoni. Wanawake walikuwa wamelaza magogo matatu ya mikaratusi juu ya maji, wakayafunga kwa kamba na kujaza udongo kati yake. Alivuka na mzigo wa kuni kichwani bila kutazama chini. Mimi nilivuka kwa hatua za kuburuta, daftari nimelikumbatia, naye akanisubiri ng'ambo kama mtu anayemsubiri mtoto ajifunze kutembea.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa profesa nikiwa nimevunjika moyo. Nikamwambia nadharia yangu imeharibika, kwa sababu dai limeingia mara tatu na hakuna kilichotoka. Nilidhani atanihurumia, lakini alifurahi waziwazi.

"Haijaharibika. Imekuonyesha kitu," akasema, akigonga sakafu na ncha ya mwavuli. "Mshale haukurudi. Andika hivyo."

"Na sababu yake, Professeur?"

"Sababu huioni kwa mkabala huu. Azima kwa jirani."

Nikaazima kwa mwenzangu aliyechagua matabaka. Alinipa madaftari yake matatu, nikayasoma kwa pupa. Kisha nikaandika kurasa nne za sura ya mwisho kwa moto ambao sijaupata tena katika maandishi yangu. Niliandika kwamba sanduku halikuwa kiziwi kwa bahati mbaya. Niliandika kwamba watawala walisikilizana wao kwa wao, na kwamba ukimya nao ni uamuzi. Sentensi hiyo ya mwisho niliipigia mstari mara mbili.

Kazi ya kuchapa ilikuwa ya baba. Aliazima mashine parokiani, akaiweka kwenye meza ya kulia, na kila Jumamosi mchana alipanga karatasi na kaboni zake akaanza. Alichapa kwa vidole vyote kumi, macho yakiwa kwenye mwandiko wangu tu. Ule mlio ulikuwa kama mvua juu ya bati, na majirani walijua kwamba mtoto wa yule anamaliza masomo.

Alipofika sura ya mwisho, mvua ile ilikatikakatika. Nilikuwa uani nikifua, nikasikia herufi chache, kisha kimya kirefu, kisha herufi chache tena. Nikampelekea chai. Mkono wake ulikuwa umefunika karatasi.

"Papa, kuna neno haisomeke?"

"Ninasoma yote," akasema. "Muandiko yako iko muzuri."

Nikarudi kwenye nguo zangu. Tasnifu ilitakiwa kukabidhiwa Jumatatu, na sikuzisoma tena zile kurasa. Baba hakuwahi kukosea hata mkato. Hata wakubwa wake kazini walitia sahihi alichochapa bila kukisoma. Nikampa profesa nakala zake nikaenda kulala usingizi mzito.

Siku ya kutetea, mama alivaa kikwembe chake kipya. Mama mdogo alishuka kutoka Miti na wenzake wawili, mmoja akiwa yule mama mwenye sauti ya chini. Baba alikaa safu ya tatu na abakosti yake nyeusi. Kila kitu kilikwenda kwa Kifaransa. Nilieleza mkabala wangu, nikachora sanduku ubaoni, nikauacha mshale wa chini umekatika njiani, nikasema kwa nini. Profesa wangu aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Kisha zamu ikawa ya mwalimu wa jopo ambaye wote tulimwogopa. Alikuwa amefungua nakala yake kwenye ukurasa uliowekewa kipande cha karatasi.

"Citoyenne," akaanza, yaani mwananchi, maana miaka ile hapakuwa na bwana wala bibi. "Kwa mdomo umetuambia kwamba mshale haukurudi. Hapa nasoma kwamba ulichelewa. Kwa mdomo umesema ukimya ni uamuzi. Hapa nasoma kwamba ukimya unatokana na upungufu wa vifaa. Tuamini mdomo au karatasi?"

Nikafungua nakala yangu. Kurasa nne nzima zilikuwa zimelainishwa. Palipokuwa na watawala sasa palikuwa na wahusika. Palipokuwa na kukataa palikuwa na kuahirisha. Na yote yalikuwa yamechapwa safi, bila kosa hata moja.

Nilimtazama baba. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Sitaficha kwamba kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa hasira. Nilifikiria miezi yote ile, madaftari ya kunakili, mihogo ya Miti, magogo juu ya maji. Halafu nikaona mikono yake. Alikuwa ameibana kati ya magoti, kama mtu aliyekamatwa nayo. Nikamgeukia mwalimu yule nikaanza kusema kwamba kosa ni langu, na hapo nikasikia kiti kikiburuzwa.

"Pardon," akasema baba. Alikuwa amesimama. Kifaransa chake kiliishia hapo, akaendelea na Kiswahili cha nyumbani. "Pardon, ba-Professeurs. Ile maneno haiko ya mutoto. Iko yangu. Ni miye nilipiga mashini. Mutoto aliandika vile alisema hapa. Miye njo nilibadirisha."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akaona anacheka peke yake, akanyamaza. Yule mwalimu mkali aliweka kalamu chini, akauliza, naye kwa Kiswahili:

"Juu ya nini, Papa?"

"Niliogopa. Miaka yote niko naona namna banasomaka karatasi za watu. Nikasema, huyu njo wa kwanza kwetu kufika hapa. Nikasema, maneno inaweza kuwa ndogo kidogo, yeye apite."

Profesa wangu aliinuka nusu, akiegemea mwavuli wake.

"Na barua za wale wamama, Papa, ulizionaka?"

Baba aligeuka akawatazama wanawake wa Miti. Nadhani hakuwa amejua kabla ya siku ile kwamba watakuwapo.

"Niliziona. Zote tatu. Miye njo niliandika namba yazo mu kitabu ya barua. Kisha nikaambiwa nizitie mu kabati. Ziko mu kabati mpaka leo, nilizifunga na kamba. Sikutupa hata moja."

Ndipo yule mama mwenye sauti ya chini akamgeukia mama mdogo, akasema polepole, lakini ukumbi wote ulimsikia:

"Kumbe zilifika."

Jopo lilitoka, likakaa nje muda uliotosha mama kurekebisha kilemba chake mara tano. Waliporudi walinipa distinksio, alama ya juu, kwa sharti kwamba kurasa nne zichapwe upya kama nilivyokuwa nimeziandika. Mwalimu mkali aliongeza kwamba ingefaa nieleze barua ziliishia wapi. "Lakini usitaje aliyekuambia," akasema, akimtazama baba, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

Nje, wanawake wa Miti walimsalimu baba kwa mikono miwili. Yeye akawauliza habari za maharagwe.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye nyuma ya wengine. Tulipokaribia Nyalukemba akapunguza mwendo.

"Umekasirika?" akauliza.

"Ndiyo, Papa."

"Ni haki yako."

Tukatembea kidogo.

"Ile sentensi ya kunyamaza," akasema, "iko ya muzuri sana. Iliniuma kuibadirisha."

Nikamshika mkono, jambo nililokuwa sijalifanya tangu utotoni. Kwa wiki kadhaa nilimsubiri kila jioni roho mkononi, nikiogopa kwamba maneno yake yamefika kazini. Kama yalifika, hakuna aliyemuuliza. Mkubwa wake alimpa pongezi za mtoto na kumrudisha kwenye dirisha lake. Mbao za serikali hazikufika Miti, na wanawake waliendelea kubadilisha magogo kila yalipooza.

Jumamosi iliyofuata siku ya kutetea, baba aliiazima tena mashine ya parokia. Safari hii alikataa kuigusa. Alinikalisha mimi mbele yake, akashika mwandiko wangu, akanisomea kwa sauti, nami nikachapa kwa vidole viwili.

"Pole pole," alikuwa akisema. "Hapa unaweka mukato. Weka tena. Rudisha gari."

Nilikuwa nikilisukuma vibaya lile gari la mashine linalobeba karatasi, likagonga kikombe chake mara mbili. Alikisogeza bila kulalamika. Tulipofika kwenye watawala alisoma watawala, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na mama akachungulia kutoka jikoni kuona anamwita nani. Sentensi ya ukimya aliisoma mara mbili, moja ya kunisikilizisha mimi na nyingine, nadhani, ya kujisikilizisha mwenyewe.

Ilituchukua mchana kutwa kwa kurasa nne. Mama alitoka na sahani ya dagaa wa kukaanga tunaowaita sambaza, akasimama kando ya meza.

"Muondoe ile mashini. Bugali inapoa."

"Mistari mbili tu," akasema baba bila kuinua macho, akaweka kidole chini ya neno lililofuata, akanisubiri nilitafute.