Kompyuta Ilivyolikana Jino Langu

Chekeni tu, wanangu, maana mimi mwenyewe niliyefanya upuuzi huu nimeshindwa kuutetea. Pale shuleni kwetu Ruangwa, siku ya wazazi ikifika bweni zima linanukia kuku wa kukaanga, na mimi nakwenda kukaa nyuma ya vyoo najifanya nasoma baiolojia (ukurasa uleule, muhula wa tatu huu). Kwetu ni Kilimarondo, Nachingwea ndani ndani huko, mama yuko peke yake na shamba la korosho, kwa hiyo haji. Na kwa kuwa kazi yangu ni kuchekesha watu, hakuna anayeuliza.

Nikajiambia, nikiumwa jino atakuja. Ila jino bila shavu kuvimba patroni wetu wa bweni haelewi, basi jioni nikaomba korosho mbichi kwa mwenzangu, nikapasua ganda, nikajipaka mafuta yake shavuni, kidogo tu. (Mtoto wa mkulima, najua kabisa yanavyobabua, na bado nikapaka!) Asubuhi shavu limekuwa andazi, tena andazi lililoungua. Patroni akampigia mama. Kesho yake akanipeleka kliniki ya meno.

Daktari, dada mmoja mpole, akanipiga picha ya mdomo mzima, ikatokea hapohapo kwenye kompyuta.

"Hii programu inanisaidia kuangalia," akamwambia patroni. "Ikiona panapooza inazungushia nyekundu."

Wallahi niliiombea dua ile kompyuta inipe hata jino moja bovu. Haikuzungushia kitu! Daktari hakuridhika, akachukua kioo chake kidogo, akaanza kugonga jino mojamoja. "Hapa?" Aaah! "Na hapa?" Aaaah! Akahamia upande usiovimba, na mimi nimeshanogewa, nikalia kuliko mwanzo.

Akaweka kioo chini, akalitazama shavu kwa karibu.

"Mdogo wangu, hata mimi nimekulia kwenye mikorosho. Hili si jino, ni ganda."

Patroni akaangua kicheko, waliokaa kwenye benchi nje wakaja kuchungulia, na katikati yao, kanga imejaa vumbi la safari, amesimama mama.

"Jino lenyewe lipi?" akauliza. Akaitazama ile picha safi, akanitazama mimi. "We Shaibu. Si ungesema tu umenikumbuka?"

"Ungekuja?"

Akafungua fundo la kanga yake. Tulikula chapati moja, nusu kwa nusu, akawahi gari la mchana kwa sababu korosho zilikuwa zinaanguka na hakuna wa kuziokota. Bwenini wakanibatiza Ganda, nami nikawaigizia kisa chote, wakacheka mpaka wakalala, nikabaki macho.

Ganda sipaki tena, naapa. Sasa nikizidiwa naomba simu ya patroni, nasema hapohapo mbele yake, acheke akitaka. Mara ya kwanza nilisema, "Mama, nimekukumbuka." Akajibu, "Haya." Halafu hakukata simu.