Mikono ya bluu ya Mfaume

"Jinzi ni kazi ya mashine, hakuna mtu anayeumia." Kaka mmoja kaniandikia hivyo jana, chini ya picha ya Mfaume niliyoiweka mtandaoni.

Mfaume amezikwa Ijumaa. Siamini bado. Naamka nikitafuta ujumbe wake wa utani.

Basi soma, kaka. Mimi na Mfaume tulikuwa kiwanda kimoja Dar miaka sita, mimi kwenye cherehani, yeye kwenye rangi.

Nyuzi za pamba zinazama kwenye rangi ya nili, zinatoka kijani kama jani la muhogo. Zikikutana na hewa, taratibu, zinageuka bluu. Zinazamishwa tena, na tena.

"Njoo uone, Bi Ubishi," alikuwa akiniita. "Zinapumua hizi."

Za bluu zinafumwa na nyeupe. Ndiyo maana ukikunja pindo la jinzi unaona weupe.

Kisha wakamhamishia meza ya msasa. Kazi: kuzeesha suruali mpya. Anaivalisha kwenye miguu ya sanamu, anasugua mapaja na magoti mpaka yapauke, kana kwamba kuna mtu kaivaa miaka kumi. Mtu huyo hayupo.

Vumbi la bluu lilitua kwenye kope zake. Supavaiza alisema barakoa zinachelewesha oda. Mfaume akikohoa, leso inabaki bluu. Mimi si daktari, kaka, lakini leso niliiona.

Mara moja alimtumia baba yake, mkulima wa Kikole, suruali aliyoisugua mwenyewe, nzuri kuliko zote. Kule, nguo iliyochakaa ikiletwa kutoka mbali imekunjwa vizuri, ni nguo ya marehemu inayogawiwa ndugu. Mzee akapiga simu.

"Mfaume, nani katutoka?"

"Hakuna, baba. Hiyo mpya."

"Mpya gani imepauka magoti? Niambie tu, mwanangu. Nimeshakaa chini."

Tulicheka shifti nzima.

Jumapili nimempelekea mzee nguo za Mfaume. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ndogo. Akafungua furushi, akapapasa magoti yaliyopauka. Safari hii hakuuliza nani katutoka.

Aliuliza, "Na ile meza yake, kakaa nani?"

Kakaa Tatu, binti kutoka Mchinga, tangu wiki hii. Nimempigia. "Nimejifunga mtandio puani, dada," kanambia, akakohoa.

Jana nilikuota, Mfaume. Umekaa barazani Kikole, mikono ya kijani, umeinyoosha hewani unangoja igeuke. Kifua chako kimya kabisa. Lala hivyohivyo, rafiki yangu.

Na wewe supavaiza, na bosi wako, najua mnanisoma. Kesho asubuhi, kabla Tatu hajashika msasa, mpeni barakoa na mfunge feni ya kuvuta vumbi. Hamuwezi? Ing'oeni meza hiyo.