Ng'ombe wa Sima

Bénédicte, tuambiane ukweli, alikuwa na ugonjwa wa usafi. Kule Bule, kabla vita havijamfukuza, alifagia hadi kipande cha barabara kilichopita mbele ya nyumba yake, na wapita njia wakaona haya kukikanyaga. Alipokimbilia Bunia aliacha kitanda, sufuria na shamba la maharage, akaja na wajukuu watatu na ng'ombe mmoja, Neema. Kwa hiyo alipopata mifuko miwili ya sima, yaani saruji, hakusita: aliimwaga yote sakafuni mwa banda la Neema. Yeye mwenyewe akaendelea kulala juu ya udongo.

Balaa likaanzia hapo. Udongo hunywa mkojo, lakini sima haina kiu. Mkojo ulituama, ukachacha, harufu ikawatoa majirani machozi. Bénédicte akamwaga maji ya sabuni asubuhi, mchana na jioni, na kila alivyoosha ndivyo dimbwi lilivyotanuka. Jumapili moja akanyunyizia manukato yake ya kanisani. Sitaki hata kuikumbuka Jumapili hiyo. Wenye pikipiki walipita pale wameziba pua kwa mkono mmoja, na abiria wakiomba mwendo uongezwe.

Alphonse, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, akampa mpaka Jumamosi: harufu iishe, au ng'ombe apelekwe malishoni nje ya mji. Bénédicte alijua maana yake. Siku hizi ng'ombe akitoka mjini harudi, na mara nyingine hata mchungaji harudi. Wajukuu waliishi kwa maziwa ya Neema. Mama wa watu aliogopa sana, na kwa woga huo akazidi kuosha.

Aliyemwokoa ni Gauthier, seremala wa parseli ya pili, kiwanja cha jirani, ambaye kusema kweli alikuja kugomba. Alimkuta amepiga magoti na brashi, hasira zikamwishia.

"Mama Béné, weye unafua mukojo," alisema. "Mukojo habafuake. Banaikaushaka." Yaani mkojo haufuliwi, hukaushwa.

Akatindua sima katikati, akachimba mfereji wenye mteremko kwenda kwenye shimo la kokoto nje, kisha akatandaza magunia mawili ya unga wa mbao uliodondoka kwenye msumeno wake. Kazi ya Bénédicte ilikuwa moja tu: kila asubuhi azoe palipolowa, aongeze unga mkavu, na maji asiyaguse. Akakubali. Gauthier alipomaliza kunawa mikono, unga wote ulikuwa umeshafagiliwa nje. Bénédicte aliapa hakukusudia, mkono ulikwenda wenyewe. Gauthier akatandaza tena. Jioni akakuta sima inang'aa. Mara ya tatu alitandaza akaondoka na ufagio wa mama kwapani.

Siku nne zilizofuata zilikuwa mateso. Bénédicte alizoa, akaongeza, akaikodolea macho ile sakafu yenye vumbi kama mtu aliyenyimwa chakula. Hata usingizi ulimpaa.

Jumamosi Alphonse akaja, leso puani, akasimama katikati ya banda akampa ng'ombe mgongo. Alphonse ni mtu wa hotuba. Alianza na historia ya avenyu. Neema naye akachagua dakika hiyo hiyo kukojoa, kwa muda mrefu na bila haraka. Shefu, aliyekuwa amefika kwenye wajibu wa kila raia, hakusikia kitu. Bénédicte aliikalia mikono yake ili isikimbilie ndoo. Mkojo ukazama kwenye unga, ukatambaa chini kwa chini kufuata mteremko.

Hotuba ilipokwisha Alphonse akashusha leso. Akanusa kushoto, akanusa kulia, akavuta pumzi ndefu ya kifua kizima.

"Mama, sisikie kitu," alisema. "Ng'ombe ibaki."

Machozi yalimtoka Bénédicte, na safari hii si ya harufu. Alimshika shefu mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru kwa niaba ya wajukuu, akashukuru kwa niaba ya Neema. Kisha akashindwa kuvumilia.

"Aksanti, Shefu. Sasa utoke hapo, nizoe. Umesimama mu mukojo."

Alphonse akatazama chini. Viatu vyake vilikuwa vimelowa mpaka kwenye kamba, na pua yake haikuwa imemwambia neno.