Ndege ya Mabua na Unga wa Wazee

Jirani yangu hapa Mwembesongo akipasua fenesi, harufu yake hupanda ukuta na kunikuta barazani, nami huweka kitabu chini. Si utamu wake unaonishika, wasomaji wangu, bali ule ulimbo mweupe unaochuruzika kutoka kwenye ganda. Kwa ulimbo huo niliunda ndege ya kudondosha mabomu, huko Kinole, milimani Uluguru, mwezi wa Februari mwaka 1979. Haikuwa Machi, kama dada yangu anavyoshikilia hadi leo.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa, na shule nilikuwa sijaikanyaga; nilikuja kuingia darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, nikilingana na mwalimu kwa urefu. Mjomba Salehe, kaka yake mama, alikuwa vitani Kagera. Kwetu Waluguru mjomba ndiye nguzo ya ukoo, na tangu aondoke nyumba ya bibi ilikuwa kama imeinama. Siku moja chumvi ililetwa imefungwa katika kipande cha gazeti chenye picha ya ndege kubwa ya mabomu. Nikaamini kwamba nikiiunda sawasawa, bila kukosea hata bawa, ingefika vitani, ingevimaliza vita na kumrudisha mjomba.

Niliijenga kwa siku nne nyuma ya jiko, ukungu ukishuka taratibu migombani. Mabua ya mahindi yakawa kiwiliwili, maganda yake nikayachana kuwa mabawa. Kila kipimo cha pichani nilikizidisha mara tatu kwa kijiti. Vidole viligandana, na kwa kuwa ulimbo hausikii maji, nilivichovya katika mafuta ya taa ya bibi. Mabomu yalikuwa mbegu za mbono. Madirisha niliyachora kwa mkaa. Ilibaki rangi nyeupe ya mwili, nayo nikaipata katika kibuyu kilichoning'inia juu ya kitanda cha bibi: unga wa mtama. Nikaukoroga kwa maji, nikapaka. Ndege ikawa kama wingu lililotua uani.

Asubuhi iliyofuata bibi alikitungua kibuyu. Ilikuwa siku ya kwenda makaburini kutambika, kuwaomba wazee wamlinde mjomba.

"Mwanaidi! Unga wa wazee uko wapi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unga nimekuuliza."

"Umeshakwenda kwa mjomba, bibi. Nimeipaka ndege."

Aliitazama ile ndege. "Hata panya wa nyumba hii hubakiza," alisema.

Kisha akaibeba mwenyewe juu ya ungo, ndugu wakicheka chini kwa chini, mpaka kwenye kaburi la mama yake. Akayakwangua mabawa kwa kisu, akaunyunyiza ule unga chembe kwa chembe, akilitaja jina la Salehe. Nililia kwa sauti. Niliona anaivua ndege nguvu zake, na kwamba sasa mjomba hatarudi tena.

Alirudi mwezi wa Novemba, mwaka uleule. Jioni moja tulikuwa tunamenya mihogo, ndege ya abiria ikapita juu ya milima. Mjomba alijitupa kifudifudi kwenye mtaro wa migomba, mikono kichwani. Dada alicheka, nami nikacheka. Bibi hakucheka. Alishuka mtaroni na uzee wake, akamfunika mwanawe kwa kanga, akakaa naye mpaka ule mngurumo ulipopotea.

Nilikuwa mtu mzima, nimekwisha kumzika mume wangu na kujifunza kuishi peke yangu bila kuinamisha kichwa, ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Kwa mapenzi yangu yote nilikuwa nikimtumia mjomba kitu kilekile alichokuwa akikikimbia kila siku. Alifariki mwaka 1994, mzee mpole, asijue kamwe kwamba mpwa wake aliwahi kuiunda hofu yake kwa vidole vyake mwenyewe, akaipaka rangi nyeupe, na akaiona nzuri kuliko kitu chochote alichopata kukishika.