Mama Mkwe Alipoacha Kunigombeza

Kazi yangu wakati wa Wadachi ilikuwa kushika shingo za wanawake. Sisemi kwa kujisifu. Hakuna sifa katika kusimama juani tangu asubuhi nyuma ya migongo ya watu walionuna. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeukamata mwambao wetu, kutoka Rumonge hadi Kigwena na kupita, na daktari Mdachi alijenga kambi ya wagonjwa karibu na ziwa. Kila mtu alitakiwa kupimwa shingo. Wanawake wa mji hawakukubali kufunuliwa mtandio na mwanamume, ndipo nikaitwa mimi, mjane niliyezoea kuosha maiti za wanawake wenzangu. Walidhani mikono kama hiyo haiogopi kitu.

Aliyenifundisha ni msaidizi wa daktari, mtu wa Ujiji, mwenye hasira za karibu. Unasimama nyuma ya mgonjwa, unapitisha vidole pembeni mwa shingo, kwa nyuma, taratibu, ukitafuta tezi zilizovimba, zinazoteleza kama kunde zilizolowekwa. Nilipoipata ya kwanza nilifurahi mno, nikatangaza malale.

"Umemwangalia kichwa?" akaniuliza.

Nikaangalia. Vidonda vya chawa vitupu.

"Tezi peke yake haisemi kitu," alisema. "Na shingo safi nayo haisemi kitu. Uliza mengine. Wala usimuulize mgonjwa habari za usingizi wake, atakudanganya bila kujua. Muulize anayeishi naye."

Shida ni kwamba mwaka ule nani hakuwa amechoka? Wanaume walitolewa kufyeka vichaka vya mwambao ili mbung'o wanaoeneza ugonjwa wakose kivuli. Wanawake tuliachiwa mashamba na kukamua mawese. Kila niliyemuuliza alisema mwili mzito, kichwa kinauma, homa inakuja na kuondoka. Ikabidi nijifunze kutenganisha uchovu na uchovu. Aliyechoshwa na kazi, mpe mapumziko na chakula, atarudi kuwa mtu. Mgonjwa wa malale hupumzika akazidi kuchoka. Mchana anasinzia na tonge mkononi, usiku macho makavu. Na akijigonga mfupa kidogo tu, maumivu hayaji palepale. Yanakawia, halafu yanakuja makubwa kupita kiasi.

Mimi nilijigonga ugoko kwenye kinu cha mawese. Nikashukuru kwamba sikuumia, nikageuka niendelee na kazi, ndipo maumivu yakaja. Niliketi chini nikalia kama mtoto. Kisha nikajiambia kinu ni kizito. Kichwa kiliponiuma nikasingizia jua, na homa, nani hana? Kwa shingo za wengine nilikuwa na akili timamu. Yangu niliipapasa, leo nahisi kitu, kesho sihisi. Mganga hajigangi, na mimi nilikuwa nimechoka hata kujibishia.

Niliogopa, sifichi. Sindano za kambi ziliwaponya wengine na kuwapofusha wengine. Niliwashika mkono waliopofuka nikiwapeleka chooni, watu walioingia pale wakiona vizuri. Asiyechomwa naye alilala hadi akafa. Hapakuwa na njia ya tatu.

Nyumbani niliishi na mama wa marehemu mume wangu. Mwanawe alikufa kwa malale kabla kambi haijajengwa, akaniachia mama na ulimi wake. Tangu nilipoolewa hakupitisha siku bila kunitafutia kosa: chumvi, moto, namna ninavyofagia kama mtu anayefukuza kuku. Majirani walitania kwamba siku akinisifu, mvua itanyesha mawe. Nilimzoea, na sidhani kama nilimpenda.

Basi siku moja nikaunguza ugali, ukawa mweusi chini. Akala kimya. Siku nyingine chungu cha mawese kilinitoka mikononi, jasho letu la siku nzima likanywewa na mchanga. Nilisimama nikisubiri maneno. Yeye akachukua jembe, akafukia, akasema, "Kaa mu kivuli, mwanangu."

Mwanangu! Mama mkwe hatoi msamaha kama ule bure. Nikajaribu kukumbuka lini alinigombeza mara ya mwisho, nikashindwa. Niliyepaswa kumuuliza tangu zamani alikuwa mbele yangu, ameshika jembe.

"Mama, mbona umeacha kunigombeza?"

"Niko nachoka. Nimekuwa muzee."

"Mchana ninalala?"

"Nani halali? Joto iko kali."

"Na usiku?"

"Usiku unalala muzuri tu." Hakuniangalia. Usiku nilikuwa nakaa macho hadi jogoo awike, na tulilala chumba kimoja.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Watu wananidanganya hivyohivyo kila siku."

Akaliachia jembe, akaketi palepale mchangani.

"Bwana yako alianza vile vile," alisema. "Aliangusha vitu. Akalia bure. Ile wakati kambi haikukuwa. Sasa iko, na watu banaingia banaona, banatoka bipofu. Nifanye nini, mukamwana? Niseme, bakuchukue?"

Tulikaa tukitazama pale mafuta yalipofukiwa, wanawake wawili tuliochoka, na kwa mara ya kwanza nilimhurumia.

Kesho yake tulikwenda kambini pamoja. Niliketi kwenye benchi la wagonjwa, nikajifunua mtandio. Mtu wa Ujiji akasimama nyuma yangu. Vidole vyake vilikaa mahali pamoja kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Nani anaishi naye?" akauliza.

Mama mkwe akasogea. Nilitegemea atadanganya tena. Akasema yote, ameinamisha kichwa.

"Analala muchana, tangu mahindi iko midogo. Usiku anakaa. Mukono inatetemeka. Chumvi anaweka, anasahau, anaweka tena. Anacheka peke yake."

"Kazi bado anafanya?"

"Anachota maji ku ziwa."

"Peke yake?"

Nilitaka kugeuka, lakini vidole vilikuwa bado shingoni.

"Hapana," akasema. "Kila siku ninamufuata nyuma, ninajificha mu michikichi, ili asisinzie mu maji. Yeye hajue."

Daktari alikuwa anatayarisha sindano ya kutoboa tezi, achunguze maji yake. Niliinama, shingo wazi mbele ya watu, na sikuwa nikifikiria macho yangu wala kambi. Nilifikiria magoti yake mabovu, na ule mteremko wa mawe kutoka nyumbani hadi ziwani. Miezi yote ile nilidhani nakwenda peke yangu.